Nimepata nafasi ya kwenda kujitolea Kambodia lakini mama ameninunia, niende ama niwache?

Anti, habari zako na pole na kazi. Nimekuwa nikisoma majibu yako kwa muda nikijiambia yangu si kubwa hivyo, lakini sai nimefika mahali nalala nikiwaza naamka nikiwaza, na niko na hadi Ijumaa ya wiki ijayo kuamua, kwa hivyo nimeona wacha niandike tu.

Mimi ni msichana wa miaka 26, kifungua mimba kwetu, nafundisha PP2, yaani chekechea ya mwaka wa pili, kwa shule moja ya kibinafsi hapa mtaa wa Umoja, Nairobi. Jumamosi huwa naenda nyumba fulani ya kulelea watoto huko Kayole kusaidia, nilianza nikiwa chuo nikitafuta mahali pa atachimenti na sikuwahi kuacha. Hapo ndio nilijulia mambo ya kujitolea. Wazungu huja, wanakaa wiki mbili ama mwezi, wanapaka ukuta rangi, wanafundisha nyimbo, wikendi wanaenda Maasai Mara kuona wanyama, alafu wanarudi kwao na wengine wanakuja. Mimi ndio huwapokea juu najua watoto wote kwa majina, na wengi tumebaki marafiki. Na Anti sitakudanganya, kila kundi likienda mimi hubaki na swali, huyu ni mdogo kwangu, ametoka sekondari juzi, hajui hata kumtuliza mtoto akilia, na ameiona Kenya kuniliko mimi mwenye Kenya. Mahali mbali nimewahi kufika ni Mombasa, na Namanga tulipopeleka watoto wa shule, nikasimama upande wetu wa mpaka nikaangalia Tanzania ilivyo.

Mwaka jana nikasema na mimi nitatoka. Nikajinyima, nikalipia pasipoti, nikapiga laini Nyayo House hadi nikaipata, na tangu siku hiyo iko kwa droo haijawahi kugongwa muhuri.

Sasa nimepata kampuni fulani mtandaoni. Ni wiki nne mwezi wa nane shule ikiwa imefungwa, mahali panaitwa Siem Reap huko Kambodia. Asubuhi unafundisha Kiingereza kwa nyumba ya watoto, mchana ni wako, wikendi wanakupeleka kuona yale mahekalu ya Angkor Wat. Bei ni dola 1,150, kama laki moja na nusu ya pesa zetu, hiyo ni malazi na chakula na kuchukuliwa eapoti. Tiketi ya ndege unajinunulia na nimeangalia iko laki moja na ishirini hivi. Dipoziti ni dola 300 na hairudishwi. Nilipouliza mambo ya viza wakaniambia nichukue tu ya utalii, na nikiulizwa pale uwanjani niseme nimeenda kutembea. Hawakutaka cheti cha polisi, hawakutaka barua ya mtu anayenijua, walitaka nakala ya pasipoti na saizi ya tishati.

Pesa yote sina. Niko na 98,000 kwa SACCO na wanakopesha mara tatu ya akiba, na wadhamini wawili wamekubali kunisainia, mmoja ni mwalimu mwenzangu ako na watoto watatu.

Shida ilianza nilipomwambia mama. Mama anauza mboga soko la Mutindwa na ndiye ametulea peke yake. Ndugu yangu amepata nafasi KMTC, kile chuo cha mafunzo ya tiba, anaripoti mwezi wa tisa, na nilikuwa nimesema nitasimamia nusu ya karo. Mama akaniangalia akasema, "Hapa Kayole watoto hawana mwalimu, wewe unaenda kulipa ndio ufundishe watoto wa wenyewe bure? Umerogwa ama umependa?" Nikamjibu vibaya kidogo, na tangu hiyo siku akitaka kuniambia kitu anatuma ndugu yangu, na tunakaa nyumba moja.

Rafiki yangu naye anasema nikubali tu ukweli, nataka kupanda ndege na kupiga picha, kujitolea ni kisingizio. Na Anti hapo ndio kunaniuma juu ni kweli nataka kuona dunia, sijui nitasema uongo wa nini. Lakini watoto pia nawapenda na kufundisha ndio kitu najua. Kuna kijana mmoja pale Kayole wa miaka mitano, mgeni yeyote akiingia geti anamkimbilia na mikono juu abebwe, hata kama hajawahi kumuona. Kuna mgeni alimuahidi atampigia simu siku yake ya kuzaliwa na huyo mtoto alishinda nje ya ofisi siku nzima akakataa hata kula. Mimi siwezi kufanyia mtoto hivyo, mimi ni mwalimu, ni tofauti. Nilipomwambia meneja wa pale mpango wangu nilidhani atafurahi, akanyamaza alafu akasema tu nifikirie vizuri.

Kuna msichana Mjerumani aliyepita hapo aliwahi kuniambia kwao kuna mpango wa kujitolea mwaka mzima na hata Wakenya huchukuliwa, lakini mwaka ni mrefu na Kijerumani sijui.

Anti, je, ni ubinafsi? Niende ama niwache?

Ticha wa Umoja

ANTI ANAJIBU

Ticha wangu, asante kwa kuandika kwa urefu na kwa ukweli, maana barua nyingi hunifikia zimefichwa nusu na wewe hukuficha kitu. Wacha kwanza nione kama nimekuelewa. Umepokea wageni kwa miaka, umewaonyesha choo kiko wapi, umewafundisha majina ya watoto, umewasindikiza, na sasa unataka na wewe upokelewe mahali. Kuna mama aliyechoka anayeona laki mbili na sabini zikipaa, kuna ndugu wa kupeleka KMTC, kuna kampuni inayokupa hadi Ijumaa, na kuna rafiki ambaye amekutia aibu kwa kitu ambacho mimi sioni aibu yake iko wapi.

Nianzie hapo kwa aibu. Unaniuliza kama kutaka kuona dunia ni ubinafsi. Ticha, wale wageni wote waliopita Kayole, kuna hata mmoja aliyeulizwa kama moyo wake ni safi asilimia mia? Walikuja kwa sababu walitaka kuona Afrika na pia walitaka kusaidia, na hakuna aliyewaambia wachague moja. Wewe ndiye unaambiwa uchague, na nafikiri ni kwa sababu wewe ni kifungua mimba, ni msichana, na umetoka Eastlands, na watu wamezoea kuona safari kama kitu unachofanya ukitumwa na kazi ama ukienda kutafuta pesa. Kutembea kwa sababu tu unataka kuona watu wengine wanaishije, hiyo tumeachia wengine. Mimi naona una haki nayo kabisa. Na kusafiri na kujitolea havijawahi kuwa maadui. Kambi za kujitolea za kimataifa zilianza mwaka 1920 kijiji kimoja karibu na Verdun huko Ufaransa, Mswisi mmoja anaitwa Pierre Cérésole alikusanya vijana kutoka nchi ambazo zilikuwa zimetoka kuuana vitani, wakaja kujenga nyumba zilizobomolewa. Kazi ilikuwa ya mikono lakini kile kitendo cha kutoka kwenu ukaenda kuishi na mtu uliyeambiwa ni adui, hicho ndicho kilikuwa nusu ya mambo. Kwa hivyo rafiki yako akisema unataka kupanda ndege, mwambie ndiyo nataka, na uendelee na kuwaza yale mengine ambayo ni mazito zaidi.

Zito la kwanza kwangu ni lile ulilosema wewe mwenyewe kuhusu huyo kijana anayekimbilia kila mgeni na mikono juu. Nimesoma hiyo sehemu mara nyingi. Unasema wewe ni mwalimu kwa hivyo ni tofauti, na nakuamini kwamba hutaahidi simu usiyopiga. Lakini nikuulize kwa upole, huyo mtoto amezoea kukimbilia wageni kwa sababu mmoja alikuwa mbaya, ama kwa sababu wote, hata wale wazuri kabisa, waliondoka? Mtoto wa miaka mitano hajui kwamba huyu alikuwa mwalimu mwenye cheti na yule alikuwa tu mtalii. Anajua alikuwepo na sasa hayupo. Na huko Siem Reap utakuta watoto wa umri huohuo, wanaongea Kikhmer, lugha ya huko, wewe huongei, utakuwa nao asubuhi wiki nne alafu kampuni italeta mwingine Septemba aanze tena na zile nyimbo za herufi. Sisemi watoto hawatakupenda. Naogopa watakupenda sana.

Na kuhusu Kambodia yenyewe kuna kitu inafaa ujue kabla ya kutuma hata senti. Watalii walipoanza kumiminika kule kuangalia Angkor, nyumba za watoto nazo ziliongezeka sana, na walipokuja kuchunguza ikaonekana watoto wengi mle ndani hawakuwa yatima, walikuwa na mzazi aliye hai, walitolewa kwao kijijini kwa ahadi ya shule na chakula, na mgeni anayelipa ndiye alikuwa biashara. Ilifika mahali mashirika ya watoto ya huko yakaanza kampeni ya kuwaambia watalii kwamba watoto si kivutio cha kutembelewa. Mwaka 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio kuhusu watoto wasio na malezi ya wazazi, na ndani yake likataja wazi madhara ya hii mipango ya kujitolea kwa nyumba za watoto. Na si huko tu. Hapa kwetu serikali ilisimamisha kusajili nyumba mpya za watoto tangu 2017, na mwaka 2022 tukapata Sheria mpya ya Watoto na mkakati wa miaka kumi wa kurudisha watoto kwa familia, ziwe za damu ama za kulea. Meneja wako wa Kayole anayajua haya, lazima. Nafikiri ndiyo maana alinyamaza. Ungemrudia ukamuuliza alinyamazia nini, yeye amekaa upande wa kupokea wageni miaka na anaweza kukuambia vitu ambavyo mimi nimekaa hapa siwezi.

Sijui hiyo nyumba ya Siem Reap ni ya aina gani, na wewe bado hujui. Inaweza kuwa inaendeshwa vizuri. Lakini angalia walichokuuliza. Unaenda kukaa na watoto wadogo na hakuna aliyetaka kujua kama umewahi kumdhuru mtoto. Hapa Nairobi ukitaka kazi ya kawaida unaambiwa ulete gudi kondakti, kile cheti cha polisi, unapigwa alama za vidole, unasubiri. Wao wametaka saizi ya tishati. Kama mlango umefunguliwa hivyo kwako, umefunguliwa hivyo kwa kila mtu mwenye dola 1,150, na wewe kama mwalimu unajua hiyo maana yake ni nini.

Alafu hii ya viza. Hapa nitaongea kama mama maana imenitia wasiwasi. Ukiambiwa na kampuni useme uongo kwa afisa wa uhamiaji, anayebeba huo uongo ni wewe, kampuni haitakuwa pale dirishani. Nchi nyingi huhesabu kujitolea kama kazi hata kama hulipwi. Thailand hapo jirani wanataka kibali cha kazi hata kwa kujitolea, Uingereza wanaruhusu mgeni wa matembezi ajitolee siku 30 tu na iwe kwa shirika la hisani lililosajiliwa. Kambodia wenyewe wana viza ya utalii ya herufi T na ile nyingine ya herufi E ambayo ndiyo hutumiwa na wanaofanya kazi, kwa hivyo swali la ni gani inayohitajika ni swali halali kabisa na kampuni ya kweli inalijibu kwa maandishi. Muhuri wa kwanza kwa hiyo pasipoti yako usiwe wa kurudishwa.

Na kuna jambo sipendi kulitaja lakini lazima. Tangu 2022 tumesikia habari za vijana wetu waliopelekwa Myanmar wakipitia Thailand, wengine Laos na hukohuko Kambodia, wameahidiwa kazi nzuri, wakafika wakanyang'anywa pasipoti na kufungiwa kwa majengo ya utapeli wa mtandaoni, na wengine imebidi serikali ikawatoe. Sisemi kampuni yako ni hiyo, wale wadanganyifu mara nyingi hukulipia tiketi badala ya kukulipisha. Nataka tu ujue kwamba mama yako akisikia jina Kambodia pengine ndicho anachowaza, hata kama alichosema ni maneno mengine. Soko la Mutindwa lina redio.

Tuje kwa mama basi. Umesikia "umerogwa" na imekuuma, na ningekuwa wewe ingeniuma pia. Lakini hebu sikiliza swali lililokuwa ndani, alikuuliza kwa nini mtu alipe ndiyo afanye kazi ya bure wakati kazi hiyohiyo iko hapa. Ni swali zuri, Ticha. Ukiondoa hasira ndilo swali ambalo hata mimi nimekuwa nikilizunguka tangu juu. Na kwake kuna lingine chini yake, umri wake wote pesa ikitoka bila kurudi nyumba inatikisika, na wewe ndiye mguu wa pili wa hiyo nyumba. Je, amewahi kusikia kutoka kwako kwamba KMTC ya ndugu yako iko palepale? Kwa barua yako unasema ulikuwa umesema utasimamia nusu, sijaona mahali umemwambia hiyo nusu itatoka wapi ukirudi na mkopo.

Kwa sababu mkopo ni mkopo. SACCO nyingi ni asilimia moja kwa mwezi kwa salio, si mbaya ukilinganisha na hizi programu za simu, lakini ukikopa kama 270,000 ulipe miaka miwili utakuwa unakatwa karibu elfu kumi na tatu kila mwezi. Weka hiyo kando ya mshahara wa PP2 wa shule ya kibinafsi, weka kando ya karo, uone kinachobaki. Na fikiria yule mwenzako wa watoto watatu. Shule za kibinafsi tunazijua, wanafunzi wakipungua Januari mwalimu ndiye wa kwanza kuambiwa asirudi, na ukikosa kulipa ni akiba yake inayoguswa. Labda umeongea naye mkayamaliza hayo. Kama hamjaongea, ni vizuri ajue anasainia safari, si ada ya hospitali.

Sasa njia ziko ngapi? Mimi naona ziko zaidi ya kwenda ama kuwacha.

Kuna ya kutenganisha hivi vitu viwili. Unatembea kama mtu anayetembea, na unajitolea kama mtu anayejitolea, kila kimoja na wakati wake. Huwezi kuamini lakini watu wengi hawajui kwamba Mkenya anaingia Uganda na Rwanda na kitambulisho tu, hii iko tangu 2014. Unapanda basi jioni hapa tao, asubuhi uko Kampala, ukitaka unaendelea hadi Kigali. Beba ile kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano, na ubebe pasipoti pia kama unataka huo muhuri, utagongewa. Likizo ya Agosti inatosha, na hakuna mdhamini anayesumbuliwa. Ubaya wake ni kwamba inaweza kukuonekania ndogo. Uliota kuvuka bahari, na mtu akikuambia Kampala unaweza kuhisi umeambiwa urudi kukaa chini. Hiyo hisia usiipuuze, lakini pia jiulize ni umbali unaotaka ama ni kuwa mgeni mahali.

Kuna kambi za kujitolea kama zile nilizotaja za Verdun, bado zipo, wiki mbili tatu, watu wa nchi tofauti wanafanya kazi ya mikono pamoja na wenyeji, kupanda miti, kujenga darasa, na wala hazihitaji umzoeze mtoto kisha umwache. Hapa Kenya kuna KVDA ambayo imekuwa ikifanya hizi kambi tangu miaka ya sitini na ina uhusiano na mashirika ya nje, unaweza kwenda kuwauliza ana kwa ana. Hizi nazo unachangia pesa kidogo na tiketi ni yako, na kama ni Ulaya kuna viza ya Schengen ambayo ni euro 90 isiyorudishwa hata wakikunyima, na wanaonyimwa si wachache.

Alafu kuna ile ya Ujerumani uliyoipita haraka. Wacha nikuambie kidogo kwa sababu nadhani hukuipa nafasi. Wana mwaka wa kujitolea wa vijana ambao ni wa wale hawajafikisha miaka 27, na wana mwingine wa serikali kuu ulioanza 2011 baada ya wao kusimamisha jeshi la lazima, huo hauna kikomo cha umri. Tofauti kubwa na kampuni yako ni kwamba hapo wewe hulipi kufanya kazi, unapewa pesa kidogo ya matumizi, bima, mara nyingi na mahali pa kulala na chakula, na siku 25 za semina ndani ya mwaka. Kazi inaweza kuwa chekechea lakini pia inaweza kuwa nyumba ya wazee ama ya watu wenye ulemavu, kuinua mtu kitandani, kumuosha, kubadilisha nepi za mtu mzima saa kumi na mbili asubuhi na nje kuna theluji. Utahitaji Kijerumani cha kuanzia, hapo Goethe-Institut mjini wanafundisha na kutahini, na hiyo ni pesa na miezi. Na mwaka mzima ni mwaka, kazi yako ya PP2 haitakungoja na ile pesa ya matumizi haiwezi kulipa karo ya KMTC ukiwa kule. Pia jihadhari na mawakala wa hapa tao wanaouza hizi nafasi laki kadhaa, shirika linalokupokea ndilo la kuandikiwa moja kwa moja. Siwezi kukuambia ni nzuri kwako. Nakuambia tu ipo na umri wako bado unaruhusu zote mbili.

Kuna pia Umoja wa Mataifa wana wanaojitolea wao, UNV, makao yao Bonn, wanakupa posho ya kuishi na hawatozi mtu kitu cha kuomba. Kundi la vijana ni hadi miaka 26, kuanzia 27 unaingia kundi la wenye uzoefu, na uzoefu wako si mdogo, miaka ya Jumamosi Kayole andika kwa sivii na usiione aibu. Mashindano ni makali na unaweza kuomba ukakaa bila jibu.

Na bado kuna kwenda Kambodia. Sijaifunga. Unaweza kwenda kama mtalii wa kawaida siku ukiwa na pesa yako, uone Angkor kwa macho yako, na Jumamosi zako zibaki za Kayole ambako unajulikana. Ama unaweza kutafuta huko shule ya kawaida, si nyumba ya watoto, inayotaka mwalimu wa kusaidiana na walimu wake, hapo cheti chako kina kazi na ukiondoka watoto wanabaki na mwalimu wao. Ama ni hii kampuni hii hii, kama itajibu maswali na majibu yakakuridhisha.

Kwa hivyo kabla ya Ijumaa, waandikie. Waulize hiyo nyumba imesajiliwa na nani na watoto wangapi wana wazazi. Waulize nani anawafundisha Kiingereza wiki ambayo hakuna mgeni, na katika dola 1,150 ni ngapi zinafika hapo. Waombe waandike ni viza gani hasa. Waombe wakuunganishe na Mwafrika mmoja aliyewahi kwenda nao uongee naye, kwa sababu nimeona mipango mingine inataka sura fulani za kufundisha Kiingereza na sitaki ulipe pesa hiyo ufike uwekwe nyuma. Na waulize kama wanaweza kukushikia nafasi wiki mbili zaidi bila dipoziti. Wakikukimbiza, umejifunza kitu bila kulipa.

Na mama, usimtumie ndugu yako kama yeye anavyomtumia. Nenda sokoni jioni ile saa anafunga, msaidie kubeba, na umwambie hesabu yote bila kupunguza, ya karo kwanza alafu ya safari. Pengine atasema hapana vilevile. Lakini utakuwa umemjibu lile swali lake, na yeye atakuwa amejua kwamba msichana wake anataka kuona dunia, kitu ambacho kwa barua yako sijaona kama umewahi kumwambia hivyo, waziwazi.

Niandikie nijue umeamua nini, ama hata kama hujaamua, na kama kampuni itajibu nitumie majibu tuyasome pamoja.

Anti